Nishani ya Baba Mdogo, Saa ya Mama

Mabishano yalianza kwa Alphonce Simbu. Ilikuwa Septemba 2025, siku chache baada ya marathoni ya Tokyo, nasi tulikuwa tumeketi uani kwa baba mdogo, Igoma, hapa Mwanza, tukisubiri sato waive. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo asiyeisamehe serikali jambo lolote, alikuwa akisoma kwenye simu pongezi zilizokuwa zikimiminika kwa mwanariadha huyo. Alipochoka kusoma alisema kwamba nchi hii humheshimu mtu anayeonekana kwenye televisheni tu, na kwamba askari aliyelala porini au muuguzi aliyekesha wodini angeweza kufa leo bila mtu hata mmoja wa Ikulu kulijua jina lake. Baba mdogo, ambaye ni askari mstaafu, alimwacha amalize, kisha akamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, huyo unayemsema ni mwanajeshi."

Ni kweli. Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi, kama alivyokuwa Filbert Bayi, yule aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Huko Tokyo, Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sekunde 0.03, akaipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, lakini akarudi na swali ambalo kwangu lilikuwa bora kuliko hoja yake ya kwanza: je, anapongezwa kwa uaskari wake au kwa umaarufu wake? Hakuna aliyemjibu, maana sato walikuwa wameshafika. Nimekaa na swali hilo tangu siku ile.

Kuna jambo ambalo mabishano ya namna hii hulisahau, nalo ni kwamba nishani na zawadi ni vitu viwili. Nishani hutolewa na Rais kwa niaba ya taifa. Ina jina lake, daraja lake na utepe wa rangi zake, na mtu akishavishwa hubaki nayo maisha yake yote. Zawadi ni fedha, kiwanja, au mwaliko wa chakula na picha ya pamoja. Tukizitazama nishani peke yake, malalamiko kwamba watu maarufu wamewafunika askari hayasimami hapa kwetu. Mtazame ofisa mwandamizi yeyote siku ya gwaride: kifua chake kina nishani ya utumishi mrefu na tabia njema, na nyingine za kumbukumbu za Uhuru na Muungano. Waimbaji tunaowacheza harusini hawana vifua vya namna hiyo, wala wachezaji wa mpira. Kwa upande wa nishani, Tanzania huwatazama kwanza watu wenye sare na viongozi, na sidhani kuna mtu wa Bongo Fleva anayeweza kudai kwamba amependelewa.

Zawadi ndiyo habari nyingine. Mwanzoni mwa 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila goli ambalo Simba na Yanga wangefunga katika mashindano ya Afrika, na watu wakaliita goli la mama. Mimi ni Yanga tangu utotoni, nilishangilia kila goli, na sitajifanya hapa kwamba nilikuwa nikihesabu fedha za umma huku mpira ukiwa wavuni. Lakini miezi mitatu tu kabla ya ahadi hiyo, asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilitumbukia ziwani hatua chache kutoka uwanja wa Bukoba. Walikufa 19, wakaokoka 24, na waliowafikia kwanza walikuwa wavuvi. Kijana mmoja kati yao, Majaliwa Jackson, alitajwa kwa ujasiri wake nchi nzima. Mkoa ulimpa shilingi milioni 1, na Rais akaelekeza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Milioni moja, kwa hesabu ya mwaka ule, ni sehemu ya tano ya goli. Najua si hesabu ya haki kabisa, kwa sababu ajira serikalini ni kitu ambacho hakuna mfungaji wa goli aliyepewa, na kwa kijana wa ziwani ajira hiyo ni mshahara wa miaka thelathini na bima ya afya ya familia yake. Mimi sina kijicho na ajira hiyo. Kinachonikaa moyoni ni namna yenyewe ya heshima ile. Taifa lilipotaka kumheshimu mvuvi, lilimvisha sare kwanza. Halikuwa na lugha nyingine ya kumwambia mtu wa mtumbwi kwamba amefanya jambo kubwa akiwa mtu wa mtumbwi. Wavuvi wenzake waliokuwa majini asubuhi hiyo, na waliokuwa wakivuta kamba ufukweni mpaka viganja vikachubuka, walirudi kwenye nyavu zao, na sidhani wapo nje ya Kagera watu wanaoyajua majina yao hata matatu.

Kwa maoni yangu hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mabishano ya mastaa dhidi ya askari ni mabishano ya ndugu wawili wanaoonekana wote. Mmoja anaonekana kwa sababu ana jukwaa, mwingine kwa sababu ana sare, na Simbu ana vyote viwili, ndiyo maana hakuna aliyepata shida kumpongeza. Asiyeonekana ni yule wa katikati: karani, mwalimu wa shule ya kisiwani, bwana afya, fundi wa kivuko, muuguzi wa zahanati.

Baba mdogo alikwenda Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini mwishoni mwa Oktoba 1978, na yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwenye miaka miwili tu jeshini. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Hapa Mwanza vita hivyo vilifika kwa ajabu yake: ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kulipua maghala ya mafuta, ikayakosa, ikaangusha mabomu kwenye kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Wazee wa hapa mpaka leo husema kwamba mashujaa wa Mwanza katika vita vile walikuwa swala, na hakuna aliyewavisha nishani.

Nishani ya baba mdogo inakaa katika kopo la majani ya chai, juu ya kabati, pamoja na risiti za kiwanja. Huivaa mara moja kwa mwaka, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, hata kama haendi popote. Huivaa, hunywa chai, huivua. Nilimwuliza siku ile ya sato kama anajiona amelipwa heshima yake. Jibu lake lilinishangaza. Alisema anachopenda katika nishani ya vita ni kwamba alipewa kila aliyekwenda. Mpishi wa kikosi alipewa, dereva alipewa, na rafiki yake aliyembeba majeruhi mgongoni usiku kucha alipewa ileile. "Haisemi nani alikuwa hodari," alisema. "Inasema tulikuwapo." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba wapo mgambo waliochukuliwa vijijini, wakavuka mto pamoja nao, wakarudi kwenye pamba yao, na yeye hajui kama wote waliandikwa mahali popote. Heshima ya namna hii, ya kuwapo, ni kinyume kabisa cha heshima ya staa, ambayo lazima imtenge mmoja na kuwaacha wengine gizani.

Sasa mama. Mama alikuwa muuguzi mkunga katika zahanati moja huko Ukerewe kwa miaka 31. Naye alikuwa na sare, nyeupe, aliyoifua mwenyewe kwa maji ya ziwa, lakini si sare inayohesabiwa katika magwaride. Alizalisha kwa mwanga wa taa ya chemli, alisindikiza kwa mtumbwi akina mama waliokuwa wakivuja damu hadi Nansio, na ziwa likichafuka walisubiri, na wakati mwingine kusubiri huko ndiko kulikoamua. Katika miaka hiyo yote alitambuliwa mara moja. Alichaguliwa mfanyakazi hodari wa idara yake, akavuka kwa kivuko kwenda kwenye sherehe za Mei Mosi, akaandamana na bango juani, akapewa cheti, bahasha, na saa ya ukutani. Bahasha iliisha kabla ya kivuko cha kurudi. Cheti kililiwa na mchwa. Saa ipo.

Mimi mwenyewe nimefanya kazi masijala katika ofisi moja ya umma kwa miaka kumi na saba, ofisi ambayo sitaitaja, na nimeshika kwa mikono yangu karatasi za kumpata mfanyakazi hodari. Kwa hiyo nasema nilichokiona. Utaratibu unataka watumishi wa kila idara wapige kura ya siri na wapime utendaji. Yaliyokuwa yakitendeka kwetu ni zamu. Mwaka huu wa uhasibu, mwakani wa utawala, mwaka unaofuata dereva wa mkuu, kwa sababu dereva wa mkuu hawezi kurukwa milele. Watu walipatana kwa amani na hakuna aliyenuna. Tulikuwa na fomu za OPRAS, zile za kila mtumishi kujiwekea malengo na kupimwa na msimamizi wake, na sasa tuna mfumo wa kielektroniki uliokuja badala yake, lakini katika miaka yangu yote sijaona fomu hata moja ya tathmini ikifunguliwa wakati wa kumchagua mfanyakazi hodari. Mfanyakazi bora kuliko wote niliowahi kuwaona pale, mama mmoja wa mafaili aliyeweza kukutajia namba ya jalada la mwaka 1988 bila kusimama kitini, alistaafu kabla zamu yake haijafika. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kumuaga. Ilikuwa na mistari minne.

Nalitaja hili kwa sababu wengi hudhani kwamba wakubwa hukaa mezani wakasema, "Mpeni staa, mnyimeni muuguzi." Sivyo. Heshima ya taifa huanza kwa karatasi, na karatasi huandikwa na mtu. Staa ana meneja, ana mashabiki, ana gazeti; habari zake hufika juu zenyewe, kama moshi. Askari ana kikosi chenye kumbukumbu: lini aliandikishwa, alikwenda wapi, amefanya kosa gani, na ikifika miaka inayotakiwa jina lake hupandishwa bila yeye kuomba. Muuguzi wa kisiwani anamtegemea msimamizi wake aliye ng'ambo ya maji, ambaye huenda hajawahi kukanyaga zahanati ile, na ambaye akiwa na dakika tano za ziada atazitumia kuandika ripoti ya dawa.

Jambo hili si letu peke yetu. Uingereza, ambako mfumo wa nishani una karne nyingi na orodha hutangazwa mara mbili kwa mwaka, walilumbana vikali mwaka 1965 wakati vijana wanne wa bendi ya Beatles walipopewa nishani ya MBE, na baadhi ya wanajeshi wa zamani wakazirudisha za kwao kwa hasira. Kisa hicho hurudiwa sana, lakini mimi huona kwamba mageuzi ya mwaka 1993 yana funzo zaidi. Kabla ya hapo, askari wa kawaida wa Uingereza aliyefanya tendo la ujasiri vitani alipewa Military Medal, na ofisa aliyefanya tendo lilelile akapewa Military Cross. Risasi moja, handaki moja, medali mbili. Katika mageuzi ya serikali ya John Major utengano huo ulifutwa, na raia yeyote akaruhusiwa kuandika kumpendekeza mtu anayemjua. Mastaa hawakuondoka kwenye orodha, na bado ndio wanaowekwa kwenye kurasa za mbele za magazeti. Lakini chini yao yamo majina ya wapishi wa shule na wavusha watoto barabarani, kwa sababu jirani fulani alikaa akaandika.

Na wapo wanaovuka mpaka kati ya makundi hayo kwa njia isiyotarajiwa. Tom Moore alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, katika kampeni ileile waliyopelekwa askari wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, na kwa miaka 75 hakuna aliyemwita shujaa wa taifa. Mwaka 2020, akikaribia kutimiza miaka 100, alitembea bustanini kwake kwa kigari cha kushikilia akichangisha fedha za huduma ya afya, kamera zikamwona, zikapatikana zaidi ya pauni milioni 30, na Malkia akampa cheo cha Sir. Simdharau hata kidogo. Ila inaonyesha kwamba hata askari, ili atambuliwe, alilazimika kwanza kuwa staa, kama ambavyo mvuvi wetu alilazimika kwanza kuwa askari.

Majirani zetu wa ziwa hili wana njia zao. Kenya ilimtunuku Eliud Kipchoge nishani ya daraja la juu Siku ya Mashujaa ya Oktoba 2019, wiki moja tu baada ya kukimbia marathoni chini ya saa mbili kule Vienna, na sikusikia askari wa Kenya wakirudisha zao. Uganda ina nishani iitwayo Nalubaale, jina la Kiganda la ziwa hilihili tunalolinywa, nayo hupewa raia wasiokuwa na sare. Sijui kama imewahi kufika kifuani mwa mtu anayevua, na nisingependa kuisifu kuliko inavyostahili, maana nayo imefungamana sana na siasa. Lakini jina lenyewe limenikaa. Sisi tuna nishani za mwenge, za muungano na za vita. Ziwa lililotuzikia watu zaidi ya 800 siku moja, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na kufika hapa mjini, na wengine zaidi ya 200 tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, halina nishani yenye jina lake kwa ajili ya wanaoingia majini kuwatoa wenzao.

Makaburi ya MV Bukoba yapo hapahapa Igoma, mwendo mfupi kutoka kwa baba mdogo. Kila mwaka ibada hufanyika, wanakumbukwa waliokufa, na ni haki wakumbukwe. Lakini miaka ile nilikuwa mdogo, na ninachokumbuka ni akina mama wa mtaani kwetu wakienda na kanga zao kufunika watu wasiowajua, na wauguzi waliokuwa hawarudi nyumbani. Jirani yetu mmoja, mvuvi, alikaa siku nne hajasema neno. Hakuna aliyepita kuandika jina lake, na yeye amekwisha kufa.

Ningeombwa kubadilisha jambo moja tu, nisingegusa magoli wala dhahabu ya Simbu. Ningeomba iwekwe fomu moja fupi, ya Kiswahili, katika kila ofisi ya kata, ambayo mwananchi anaweza kuijaza akimpendekeza mtumishi au jirani kwa nishani, ikapelekwa juu bila kupitia kwa mkubwa wake wa kazi. Nimefanya kazi masijala vya kutosha kujua kwamba fomu nyingi zingejazwa kwa upendeleo, za mashemeji na wagombea udiwani. Hilo halinitishi, kwa sababu mchujo ni kazi ya karani, na makarani tupo. Kinachonitisha ni jalada lisilokuwa na karatasi hata moja ndani yake, kwa kuwa hilo halichujwi na mtu yeyote.

Tulipomaliza kula siku ile, giza lilikuwa limeingia na mpwa wangu alikuwa amerudi kwenye simu yake. Baba mdogo alikwenda ndani, akaleta kopo la majani ya chai, akamwonyesha kijana ile nishani, akamwacha aipime uzito kiganjani. Halafu akamgeukia mama, aliyekuwa akichambua mchele kwa ajili ya kesho yake, akamwuliza kwa utani wao wa siku zote, "Shemeji, mimi yangu naivaa kila Julai. Wewe saa yako utaivaa lini?"

Mama hakuinua macho kwenye ungo. "Niletee betri kwanza," alisema. "Ilisimama tangu mwaka juzi."